Inchi kavu inapata joto kuliko bahari: hii inatuhusu namna gani sisi wa mashariki?

Katika habari za hali ya hewa ya dunia kuna namba moja inayorudi kila mara: 1.5. Ni mpaka ambao mataifa yaliandika katika mapatano ya Paris mwaka 2015. Walikubaliana kujaribu joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, ao degre 1.5 kama tunavyosema kwetu, ukilinganisha na wakati wa kabla ya viwanda kuenea. Mkulima wa Masisi ao mvuvi wa Fizi akisikia ile namba, anaweza kufikiri kwamba kwake pia joto litaongezeka degre 1.5, basi.

Sivyo. Ile namba ni wastani. Wataalamu wamechukua joto la inchi kavu yote na joto la bahari zote, wakachanganya pamoja. Lakini inchi kavu na bahari hazipati joto kwa mwendo mmoja: bahari inaenda polepole, inchi kavu inatangulia. Na sisi wakaaji wa Kivu mbili, Ituri, Maniema na Tanganyika tunaishi katikati ya inchi kavu, mbali na Bahari ya Hindi na mbali zaidi na Atlantiki.

Andiko hili linaeleza juu ya nini iko hivyo, na inamaanisha nini kwa shamba, kwa ziwa na kwa mvua ya kwetu.

Namba zinasema nini

Kikundi cha wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi, chenye wengi wanakijua kwa jina la GIEC, kilitoa raporo kubwa mwezi wa nane mwaka 2021. Walilinganisha miaka 2011 mpaka 2020 na miaka 1850 mpaka 1900. Walipata hivi:

- dunia nzima: joto limepanda degre 1.09;
- inchi kavu peke yake: degre 1.59;
- juu ya bahari peke yake: degre 0.88.

Unaweza kufanya hesabu hii mwenyewe na kalamu. Bahari inafunika karibu sehemu 71 kwa 100 za uso wa dunia, inchi kavu inabakia na 29. Zidisha 71 kwa 0.88, kisha 29 kwa 1.59, jumlisha, gawanya kwa 100. Utapata 1.09. Ni kusema bahari, kwa sababu ni kubwa, inavuta wastani kuja chini. Namba ya dunia inaonekana ndogo kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji ambamo hakuna mtu anaishi.

Raporo ile ile inasema kwamba inchi kavu itaendelea kupata joto mara 1.4 mpaka 1.7 kuliko uso wa bahari. Kwa hiyo dunia ikifika kwenye wastani wa 1.5, bahari itakuwa karibu na 1.3, na inchi kavu karibu na 2. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wenye joto kuliko yote iliyopimwa: Shirika la Hali ya Hewa la Dunia lilihesabu degre 1.55 juu ya wakati wa kabla ya viwanda. Mwaka mmoja hautoshi kusema kwamba mpaka wa Paris umevunjika, juu ya ule mpaka unahesabiwa kwa miaka mingi pamoja. Lakini tunaona tuko wapi.

Tuweke angalisho moja. Hata ile 1.59 ni wastani. Inchi za kaskazini ya mbali, kama Urusi na Kanada, zimepata joto kuliko hiyo. Inchi zenye misitu na mvua nyingi zinaenda polepole kuliko inchi za ukame. Basi hatuwezi kuchukua ile namba na kuibandika juu ya Bukavu ao Bunia. Tunachoweza kusema ni kwamba namba ya dunia nzima si namba ya inchi kavu, na mtu anayeipima hatari yake kwa namba ya dunia nzima anaipima ndogo.

Juu ya nini bahari inachelewa

Ukitembea miguu mitupu saa sita ya mchana kwenye mawe meusi ya volkano pale Goma, utaruka. Ukiingia katika maji ya ziwa hatua tano mbele, ni baridi. Ni jua moja, saa moja. Tofauti inatoka kwa mambo matatu.

La kwanza: maji yanakula joto mingi mbele ya kuwa ya moto. Kupandisha kilo moja ya maji kwa degre moja kunaomba joto karibu mara nne ao tano kuliko kilo moja ya udongo mkavu.

La pili: maji yanasukwa. Upepo na mawimbi vinachanganya maji ya juu na ya chini, mpaka makumi ya mita. Joto linagawanywa katika maji mengi. Udongo hausukwi. Joto la mchana linashuka paka sentimeta makumi kadhaa, halafu linasimama. Kwa hiyo uso wa udongo unabeba mzigo wote peke yake.

La tatu: maji yanatoa mvuke. Mvuke ni kama jasho la mtu: unapoondoka, unabeba joto. Bahari haikose maji hata siku moja, kwa hiyo inatoa jasho kila wakati. Shamba likikauka halina jasho tena. Jua linalopiga pale halina kazi ingine isipokuwa kupandisha joto la udongo na la hewa.

Tofauti haitaisha hata bahari ikipewa wakati

Watu wengi wanaishia hapo. Wanasema: bahari ni nzito, inachelewa, lakini siku moja itafikia inchi kavu. Kama sababu ingekuwa uzito peke yake, ingekuwa kweli. Lakini mtaalamu Syukuro Manabe, mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi Marekani, ni kati ya wa kwanza walioonyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba inchi kavu inaendelea kutangulia. Yeye ni mmoja kati ya watu watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021, kwa kazi ya miaka mingi juu ya joto la dunia. Wataalamu waliofuata walieleza sababu, na sababu yenyewe iko katika unyevu wa hewa.

Tuieleze polepole. Hewa inapopanda juu inapoa. Mtu anayetoka Uvira na kupanda Bukavu anajua hiyo: Uvira iko karibu mita 780 juu ya bahari, Bukavu karibu 1500, na koti inatoka katika mfuko. Lakini hewa yenye mvuke mingi inapoa polepole kuliko hewa kavu, juu ya ule mvuke ukigeuka wingu unarudisha joto lake.

Sasa, katika inchi za joto kama zetu, hewa ya juu kabisa, kilometa nyingi juu ya vichwa vyetu, inakuwa na joto karibu moja iwe juu ya bahari ao juu ya inchi kavu. Pepo zinaisambaza mbio. Ni kama nyumba mbili zenye paa moja. Dunia ikipata joto, ile paa inapata joto sawa pande zote mbili.

Upande wa bahari, joto linaongeza mvuke: kila degre moja inaruhusu hewa kubeba mvuke karibu asilimia 7 zaidi. Ule mvuke unapeleka joto juu. Kwa hiyo chini, kwenye uso wa maji, kupanda kidogo kunatosha ili paa ifike pale inapaswa kufika. Upande wa inchi kavu mvuke ni kidogo, hauwezi kusaidia sana. Ili paa ile ile ifike kwenye joto lile lile, hewa ya chini lazima ipande zaidi. Hewa ya chini njo ile tunaishi ndani yake.

Kuna jambo lingine linaongezeka hapo. Mvuke mwingi ulio juu ya inchi kavu unatoka bahari. Bahari ikipata joto polepole, haitume mvuke wa kutosha kulingana na joto jipya la inchi kavu. Matokeo yake, hewa ya inchi kavu inakuwa na kiu. Hewa yenye kiu inavuta maji katika udongo na katika majani. Njo maana mkulima anaweza kupata mvua ile ile kama ya zamani, na bado maharagi yake yakanyauka siku kumi kisha mvua kukatika. Mvua haikupunguka, maji yameondoka mbio.

Pahali ambapo mambo ni tofauti

Kanuni hii ina pahali ambapo haifuatwi. Bahari ya Arktiki, kule kaskazini kabisa, inapata joto mbio kuliko karibu inchi zote, kwa sababu barafu iliyokuwa inarudisha mwangaza wa jua inayeyuka na maji meusi yanameza lile joto. Na kuna kipande cha Atlantiki, kusini ya Greenland, ambacho kimepoa kidogo wakati kwingine kote kunapanda. Lakini kwa sehemu kubwa ya dunia, na hasa katika inchi za joto, kanuni inabakia: inchi kavu mbele, bahari nyuma.

Bahari kuchelewa si kusema haiumie

Mtu asifikiri kwamba bahari imeponyoka. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo dunia imekusanya tangu miaka ya 1970 liko ndani ya bahari. Pia bahari inameza karibu robo ya gesi ya kaboni ambayo watu wanatoa. Bila hiyo kazi ya bahari, sisi wa inchi kavu tungekuwa tayari katika hali ingine kabisa.

Lakini lile joto linabakia pale kwa muda mrefu sana. Maji yakipata joto yanavimba, na uso wa bahari unapanda. Kongo inaguswa na hiyo kule Muanda, ambako inchi yetu iko na pwani ya kilometa karibu 40 peke yake. Na hata huku mashariki tunakula matunda ya bahari: ile samaki ya barafu tunaita Thomson inatoka sana sana katika bahari ya Namibia, ambamo maji baridi yanayopanda toka chini njo yanalisha samaki.

Bahari ya mbali, mvua ya karibu

Kama inchi kavu inatuletea joto, bahari inatuletea mvua, na pia inatunyima.

Sehemu ya mvuke unaonyesha kwetu unatoka Bahari ya Hindi, unapita juu ya Tanzania, Kenya na Uganda. Sehemu ingine inatoka Atlantiki. Na sehemu kubwa inatoka katika msitu wenyewe wa Kongo, ambao unanywa mvua na kuirudisha angani kama mvuke.

Katika Bahari ya Hindi kuna mchezo kati ya pande mbili. Miaka fulani upande wa Afrika unapata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia unapoa. Wakati huo mvua ya mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili inaongezeka sana Afrika ya Mashariki. Miaka mingine inageuka, na mvua inakosa. Nguvu ya mchezo huo ni kubwa zaidi Kenya, Somalia na Tanzania. Ikifika kwetu imepunguka, lakini inafika.

Mwaka 2019 tuliona mfano. Tofauti ya joto kati ya pande mbili za Bahari ya Hindi ilikuwa kati ya kubwa zaidi zilizopimwa. Australia ikawaka moto, Afrika ya Mashariki ikajaa maji. Mwaka 2020 ziwa Victoria lilifika kimo ambacho halikuwahi kufika tangu lianze kupimwa. Ziwa Tanganyika pia lilipanda katika miaka iliyofuata, maji yakaingia katika mitaa ya Uvira, Kalemie na Bujumbura, na mwaka 2024 wakaaji wa kandokando wakahama tena. Ziwa Tanganyika linatoka paka kwa mto mmoja, Lukuga, pale Kalemie. Mvua ikizidi miaka mbili tatu mfululizo, maji hayana mlango mwingine.

Maziwa yetu yako upande gani?

Ziwa ni maji kama bahari, lakini ni dogo na limezungukwa na inchi kavu. Ziwa Tanganyika liko na mita karibu 1470 za kina. Maji ya chini yana chakula cha mimea midogo ambayo samaki wadogo wanategemea. Zamani, upepo wa kiangazi ulikuwa unachanganya maji ya juu na ya chini vizuri, na kile chakula kinapanda. Uso ukipata joto, maji ya juu yanakuwa mepesi, yanabakia juu kama mafuta juu ya supu, na kuchanganya kunapunguka.

Wataalamu walioandika mwaka 2003 walihesabu kwamba ile mimea midogo ya ziwa Tanganyika ilipunguka karibu asilimia 20. Wengine walichimba matope ya chini ya ziwa na kukuta kwamba maji ya juu yana joto kuliko wakati wowote katika miaka 1500. Kwa hiyo mvuvi wa Baraka anapoona ndakala wanapunguka, nyavu zenye macho madogo na wingi wa wavuvi ni sababu, lakini si zote. Kukataza nyavu peke yake hakutarudisha samaki wote wa zamani.

Degre moja ni mita 150 za mlima

Namna rahisi ya kuelewa joto kwa mtu wa milima ni hii. Kila mita 100 unapopanda, joto linashuka karibu degre 0.65. Basi degre moja ya kuongezeka ni kama shamba lako limeshushwa mita 150 chini. Degre mbili, mita 300.

Kawa ya arabika, yenye kulimwa Kalehe, Idjwi, Lubero na Beni, inapenda baridi ya mlima. Kama mpaka wa chini wa kawa nzuri unapanda mita 150 ao 300, mkulima wa juu ana pahali pa kuhamisha miche. Mkulima wa chini hana, na mlima unapunguka kadiri unavyopanda. Mbu wa malaria anafuata joto vilevile: vijiji vya juu ambavyo zamani havikumjua vinaanza kumjua, na watoto wa kule hawana kinga.

Hapo msitu unaingia katika hesabu. Tulisema kwamba inchi kavu inapata joto zaidi kwa sababu inakosa maji ya kutoa jasho. Mti mkubwa unavuta maji chini sana na kuyatoa kwa majani. Pahali penye msitu, inchi kavu inafanana kidogo na bahari: iko na unyevu, inapoa. Ukikata mti juu ya makala na usipande mwingine, unaondoa jasho la mlima. Joto la dunia linatoka mbali, katika viwanda na magari ya inchi zenye mali, na hatuwezi kulisimamisha kutoka Walikale. Lakini joto la kilima chetu tunaweza kulipunguza ao kuliongeza sisi wenyewe. Kawa chini ya kivuli, majani makavu yaliyotandikwa juu ya udongo, miti kwenye mipaka ya shamba: haya yanazuia ile hewa yenye kiu isinywe maji yote.

Shida ingine: hatupimi

Mwezi wa tano mwaka 2023, mito ilifurika Bushushu na Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wataalamu wa kikundi cha World Weather Attribution, wanaochunguza kama janga fulani limesukumwa na joto la dunia, walijaribu kujibu ulizo hilo. Walishindwa. Vituo vya kupima mvua katika eneo ni kidogo sana, na namba za setilaiti hazikupatana. Wafu walikuwako, matope yalikuwako, lakini vipimo havikuwako.

Hii inauma mara mbili. Bila vipimo vya miaka mingi hatuwezi kusema kwa uhakika mvua ya Kalehe imebadilika kiasi gani, na hatuwezi kuonya watu mbele. Vilevile, wanapogawanya pesa za kusaidia inchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, mwenye vipimo anasikilizwa mbele.

Shirika la serikali kwa kazi hii ni METTELSAT, lakini inchi ni kubwa kuliko vituo vyake. Kupima mvua hakuombe chombo cha bei kali: kopo yenye kuta zilizosimama, rula ya milimeta, na mtu anayeandika kila asubuhi saa moja bila kuruka siku. Chombo chenyewe kiwekwe pahali wazi, mbali na mti na paa. Shule, parokia na koperative za kawa zinaweza kufanya hiyo. Kitabu cha miaka kumi cha shule moja ya Minova kingekuwa mali.

Na kwa saizoni A, ile ya mwezi wa tisa, kuna jambo la kufuata. Joto la Bahari ya Hindi linapimwa kila siku, na mwezi wa nane tayari linaanza kuonyesha mvua itaelekea wapi. Kituo cha ICPAC cha Nairobi kinatoa makisio ya mvua ya miezi mitatu kwa inchi za Afrika ya Mashariki, ndani yake Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Kongo haimo katika orodha yao, lakini mawingu hayaombe visa kwenye mpaka. Wakisema mvua itazidi Bujumbura na Cyangugu, mkaaji wa Uvira na wa Bukavu anayejenga kando ya mto afungue mifereji mbele ya mwezi wa kumi, na mwenye mtoto anayelala karibu na Mulongwe ajue pahali pa kukimbilia usiku.